Kituo cha michezo cha jiji kinafunguliwa tena baada ya kufungwa miezi kadhaa: tuanze kukagua wapi?

KatibuMichezo:

Wakuu, salaam. Kamati yetu imekabidhiwa kazi ya kukagua kituo cha michezo cha jiji kabla wananchi hawajaruhusiwa kuingia. Vilivyopo ni hivi:

Bwawa la nje, mita 50 kwa 25, wastani wa kina mita 1.8, machujio ya mchanga. Maji yanaonekana masafi, lakini kwenye majaribio na watoto wa shule macho yaliwauma na harufu ya klorini ilikuwa kali mno. Wengine wanasema dawa imezidi, ipunguzwe.

Uwanja wa riadha wa mita 400, njia 8, sakafu ya tartani (ya raba). Njia ya 1 na ya 2 zina malengelenge kwenye kona ya pili.

Ndani yake kuna uwanja wa nyasi za asili. Watu wa mpira wanataka 105 kwa 68, watu wa riadha wanasema haiingii.

Ukumbi wa ndani wa mita 44 kwa 22 wenye sakafu ya mbao, majukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo, na milingoti 4 ya taa.

Fedha haitatosha kwa vyote kwa mara moja. Naomba majibu yenye vipimo, si maoni ya jumla. Tuanze na nini, na kipi kinaweza kungoja?

---

MlinziWaBwawa:

Mkuu, anza na bwawa, kwa sababu ndilo pekee hapo linaloweza kuua mtu kwa dakika chache. Na kabla ya kugusa dawa, zamisha mtu akague vifuniko vya matundu ya kufyonzea maji chini ya bwawa. Kila kifuniko kiwe kizima, skrubu zote zipo, na kila pampu ifyonze kupitia matundu mawili au zaidi yaliyoachana, ili mtu akiziba moja kwa mwili au nywele, maji yapite kwenye jingine. Kifuniko kimoja kikikosekana, bwawa halifunguliwi.

Sasa harufu. Klorini iliyo huru kwa kiwango sahihi haina harufu kali. Inayonuka na kuuma macho ni kloramini, yaani klorini iliyokwisha kukamatwa na jasho na mkojo. Kwa hiyo ukipunguza dawa unazidisha tatizo. Pima kwa vidonge vya DPD, vile vya kupimia klorini: namba 1 inakupa klorini huru, ongeza namba 3 kwenye sampuli ileile upate klorini jumla. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ndicho kilichofungwa, yaani hizo kloramini. Kisizidi miligramu 0.5 kwa lita. Chini ya 0.2 ndiyo raha. Klorini huru iwe 1 hadi 3, pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.2 hadi 7.6.

pH si jambo la pembeni. Kwenye 7.2 karibu theluthi mbili ya klorini huru iko katika umbo linaloua vijidudu. Kwenye 7.8 ni theluthi moja tu. Unamwaga dawa ileile, unapata nusu ya kazi.

Pima pia asidi ya sayanuriki, ile kinga ya jua inayozuia klorini isiharibiwe na jua. Bwawa la nje linaihitaji, 30 hadi 50 inatosha. Vidonge vikubwa vya triklori (aina ya dawa ya klorini) vinaiongeza kimyakimya: kila miligramu 10 za klorini zinazotokana navyo huacha takriban 6 za sayanuriki, na hiyo haiyeyuki kwenda popote. Leta namba hizo nne tukupigie hesabu.

Machujio: ujazo wenu ni 50 × 25 × 1.8, yaani mita za ujazo 2,250. Kwa bwawa la umma maji yote yapite kwenye chujio ndani ya saa 4 hivi, sawa na mita za ujazo 562 kwa saa. Kwa mwendo wa mita 30 kwa saa kupitia mchanga mnahitaji eneo la chujio lisilopungua mita za mraba 19. Pima kipenyo cha matangi yenu mjumlishe. Kama eneo ni dogo, maji yatasukumwa haraka mno na mchanga hautashika kitu, hata pampu iwe mpya.

Andikeni presha ya chujio likiwa safi. Ikipanda kwa bar 0.5 juu ya hapo, rudisheni maji kinyume hadi kioo cha kuangalizia kiwe cheupe, kisha suuzeni kwa dakika moja kwenda kwenye mtaro kabla ya kurudisha maji bwawani. Wengi wanaruka hatua hii ya mwisho, ndiyo maana bwawa linapata wingu kila baada ya kuosha chujio. Fungueni tangi moja mtazame mchanga: ukiona gamba gumu la mafuta juu au mashimo yaliyochimbwa na maji, mchanga haufai tena. Uliotumika miaka 5 hadi 7 huwa umefika mwisho.

La mwisho, na msilipuuze: pampu za kudondoshea klorini na asidi zifungwe kwa umeme na pampu kuu ya mzunguko, ili hii ikizima na zile zizime. Zikiendelea kudondosha wakati maji yamesimama, asidi na klorini hukutana ndani ya bomba, na mzunguko ukirudi gesi ya sumu inatokea moja kwa moja usoni pa waogeleaji. Jaribuni kwa kuzima pampu kuu makusudi, bwawa likiwa halina watu, mwone kama zote zinakaa kimya. Stoo za dawa hizo mbili ziwe vyumba tofauti, kila kimoja na mlango na hewa yake.

---

RulaNaKamba:

Nijibu ya uwanja wa riadha na ya 105 kwa 68, maana ni hesabu tu.

Uwanja wa kawaida wa mita 400 una sehemu mbili nyoofu za mita 84.39 na kona mbili za nusu duara, nusukipenyo mita 36.50 hadi kwenye ukingo wa ndani. Upana kati ya ukingo na ukingo ni mita 73. Uwanja wa mpira wa upana 68 unaacha mita 2.5 kila upande. Tatizo liko kwenye pembe. Nusu ya 105 ni 52.5, nusu ya unyoofu ni 42.195, pembe inaingia ndani ya kona kwa mita 10.3. Mraba wa 10.3 jumlisha mraba wa 34, kipeuo chake cha pili 35.5. Nusukipenyo ni 36.5. Kwa hiyo inaingia, watu wa riadha wamekosea hapo, lakini kutoka kibendera cha kona hadi kwenye ukingo ni chini kidogo ya mita moja. Mpigaji kona anarudi nyuma hatua mbili yuko kwenye njia ya 1, na mchezaji anayeteleza anakutana na ukingo wa sentimita 5.

Ushauri wangu: chorani 100 kwa 64. Ni kipimo halali hata kwa mechi za kimataifa chini ya sheria za mpira, na kinawapa mita 4.5 pembeni na zaidi ya mita 3.5 kwenye pembe. Kama ligi inalazimisha 105 kwa 68, basi ukingo kwenye zile sehemu nne uwe wa kuondoleka, na nyasi zifike hadi kwenye tartani bila kijia cha zege katikati.

Malengelenge sasa. Hayo ni maji. Tartani imeachana na lami, unyevu umenaswa chini, jua linaupasha, mvuke unainua. Kubandika juu bila kujua maji yanatoka wapi ni kutupa pesa. Fanyeni hivi:

Mwageni maji kona nzima hadi itiririke, ngojeni dakika 20, kisha chorani kwa chaki kila dimbwi lililobaki. Uwanja unatakiwa uiname kuelekea ndani kwa kiasi kisichozidi 1 kwa 100, maji yaende kwenye mfereji ulio nyuma ya ukingo. Madimbwi yakiwa mengi kwenye njia ya 1, kagueni mfereji kwanza. Mara nyingi umejaa vipande vya nyasi na mchanga uliopeperuka kutoka uwanjani, maji yanakosa pa kwenda yanarudi chini ya tartani. Zibueni chemba zote, mwage maji tena muone yanatokea upande wa pili.

Kisha gongeni sehemu iliyovimba kwa mpini wa ufagio, polepole kuelekea nje. Mlio wa tupu ukibadilika kuwa mzito, hapo ndipo mpaka. Wekeni alama sentimita 10 zaidi. Kata kwa kisu kikali umbo la mraba au mstatili, toa tabaka zima hadi kwenye lami, acha lami ikauke kabisa. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu: gundi ya poliurethani hukaushwa na unyevu wa hewa, lakini ikikutana na maji yaliyosimama hutoa gesi na kujaa mapovu, na lengelenge linarudi palepale. Karatasi ya nailoni ya mita moja iliyobandikwa kingo zake juu ya lami usiku kucha itakwambia: asubuhi ikiwa na matone upande wa chini, ngoja.

Paka gundi ya kutangulizia, kisha mchanganyiko wa chembe za raba na gundi, takriban sehemu 5 za raba kwa 1 ya gundi kwa uzito, sawazisha kwa mwiko uliopakwa mafuta kidogo, malizia na tabaka la rangi. Unene wa jumla ufanane na wa pembeni. Tartani nzuri ina wastani wa milimita 13 hivi. Pimeni kwa sindano yenye alama sehemu nyingi, hasa njia ya 1. Ikiwa imeliwa hadi chini ya 10, viraka havitasaidia, hiyo sehemu inahitaji tabaka jipya.

Usimamizi: spaiki za mazoezi zisizidi milimita 6 au 7, ingawa kanuni za mashindano zinaruhusu hadi 9. Njia ya 1 na ya 2 zifungwe kwa koni siku za kawaida. Wanaotembea na wanaokimbia polepole wakae njia ya 5 hadi ya 8. Hakuna gari, hakuna pikipiki, hakuna toroli la magurudumu membamba.

Mkichora mistari upya, mpimaji aliyesomea ndiye afanye. Njia ya 1 inapimwa sentimita 30 nje ya ukingo, nyingine zote sentimita 20 nje ya mstari wa ndani. Ndiyo sababu ya wakimbiaji kutanguliana mwanzoni kwa mita 7.04 kwa njia ya 2, kisha 7.67 kwa kila njia inayofuata kwa mzunguko mzima. Urefu unaruhusiwa kuzidi kwa sentimita 4, kupungua hauruhusiwi hata milimita moja.

---

KatibuMichezo:

Asanteni sana. Tumepima bwawa leo: klorini huru 1.0, jumla 1.9, pH 7.8, sayanuriki 90. Vifuniko vya chini viwili vimekosa skrubu moja moja. Tumefunga bwawa.

Swali: tukimwaga maji yote tukajaza mapya si tutakuwa tumemaliza yote?

---

MlinziWaBwawa:

Mmefanya vema kufunga. Ila msimwage yote kabla ya kujua maji ya ardhini yako wapi. Bwawa tupu ni kama mtumbwi: maji ya chini yakiwa juu, zege linasukumwa kutoka chini, linapasuka au linainuka. Punguzeni kwa awamu.

Sayanuriki 90 inaifanya klorini yenu ya 1.0 iwe legelege kabisa. Tatizo ni hili hasa, zaidi hata ya pH. Toeni robo ya maji, yaani mita za ujazo 562, usawa utashuka sentimita 45. Jazeni, zungusheni siku nzima, pimeni: itakuwa karibu 67. Rudieni: karibu 50. Awamu ya tatu inawapeleka 38, hapo mko pazuri. Na acheni kabisa vidonge vya triklori, nendeni kwenye kalsiamu hipokloraiti, unga wa klorini, ya asilimia 65. Onyo: chombo kilichowahi kubeba moja kisibebe nyingine. Zikichanganyika zikiwa kavu au na unyevu kidogo, hulipuka.

Huko kubadilisha maji kutapunguza pia kloramini. Baada ya awamu ya tatu pimeni upya. Tuseme imebaki iliyofungwa 0.5 na huru ni 1.0. Shusheni pH hadi 7.4 kwanza. Dozi ya kuzivunja ni mara 10 ya iliyofungwa, toa huru iliyopo: 5 toa 1, sawa na miligramu 4 kwa lita. Katika bwawa lenu kila miligramu 1 ni kilo 2.25 za klorini halisi, kwa hiyo kilo 9. Gawanya kwa 0.65, mnapata unga kilo 13.8. Msibane mkaweka nusu: dozi isiyofika huzalisha kloramini kali zaidi kuliko zilizokuwepo.

Jua likishazama, waogeleaji wakiwa hawapo, pampu zikizunguka. Ndoo ya plastiki yenye maji lita 20, ndipo unga kilo 1 ndani yake, kamwe si maji juu ya unga. Koroga, acha chokaa itulie, mimina maji ya juu ukizunguka ukingo mzima. Asubuhi pimeni. Huru ikishuka chini ya 3 na iliyofungwa chini ya 0.2, fungueni. Iliyofungwa isiposhuka baada ya dozi kamili, msirudie dozi. Hiyo ni taka isiyovunjika kwa klorini, inatoka kwa maji mapya tu.

Na hapo ndipo kinga ya kudumu ilipo. Kila mwogeleaji alipiwe lita 30 za maji mapya kwa siku. Watu 400 ni mita za ujazo 12, na sehemu kubwa itatoka kwenye kuosha machujio. Bafu kabla ya kuingia liwe la lazima kweli, kwa sabuni, si kibao cha tangazo ukutani.

Kinyesi kigumu bwawani: toa watu, okoa kwa wavu, usitumie kifyonzi, weka klorini huru 2 na pH isiyozidi 7.5 kwa dakika 30. Cha kuhara ni jambo jingine: miligramu 20 kwa lita kwa karibu saa 13 kama maji hayana kinga ya jua. Yakiwa nayo, muda unazidi mara mbili. Andikeni utaratibu huo na muuweke stoo, maana siku ya tukio hakuna atakayekumbuka namba.

---

MkataNyasi:

Nimesoma hapo juu "vipande vya nyasi vimejaa kwenye mfereji" nikasema ukweli umesemwa. Mfereji wa riadha na uwanja wa nyasi ni mgonjwa mmoja. Kateni nyasi kwa mashine yenye kapu, na mita mbili za mwisho kuelekea kwenye tartani zifagiliwe siku hiyohiyo.

Kama nyasi ni zile zinazotambaa za nchi za joto, urefu wa milimita 25 hadi 30 unafaa. Msikate zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Zikiwa zimefika 90 wakati kituo kimefungwa, shukeni kwa hatua kila baada ya siku chache: 60, kisha 40, kisha 28 hivi. Mkishusha kwa siku moja mtabaki na vijiti vya njano na udongo utaokwa na jua.

Toboeni udongo kabla ya kumwaga mbolea yoyote. Piga shimo kwa koleo mtazame: mizizi ikiishia sentimita 4 na chini yake udongo umeshikamana kama tofali, mbolea haitasaidia. Tumieni vyuma vinavyotoa vipande, kina sentimita 8 hadi 10, kisha tandazeni mchanga na kuusugua uingie kwenye matundu. Kwa uwanja wa 100 kwa 64, tabaka la milimita 3 ni mita za ujazo 19. Mchanga huo uwe wa silika uliooshwa, usiwe wenye udongo mfinyanzi, la sivyo mnatengeneza saruji.

Goli linahamishwa mazoezini. Sehemu ya mita 6 mbele ya goli na njia ya mwamuzi msaidizi ndizo zinazokufa kwanza. Mkiwa na magoli ya kuhamisha, mazoezi yachezwe kwa upana wa uwanja. Lakini magoli hayo yafungwe ardhini kwa nanga au yawekewe uzito nyuma, kila mara, hata kwa dakika kumi. Goli lisilofungwa humwangukia mtoto aliyening'inia, na limeua wengi duniani. Hili liingie kwenye orodha ya kwanza pamoja na vifuniko vya bwawa.

Mistari: msitumie chokaa, iwe mbichi au iliyozimwa. Inaunguza ngozi na macho. Rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nyasi.

---

Kiporo77:

Kwa nini msiweke nyasi bandia mkaachana na mambo ya kukata na kumwagilia? Saa za kuchezwa zinakuwa nyingi maradufu.

---

MkataNyasi:

Mkuu, saa zinaongezeka, hilo halina ubishi. Lakini huu ni uwanja ulio ndani ya riadha. Mkuki, nyundo na kisahani vinatua hapo. Kwenye nyasi bandia mkuki unatoboa zulia na nyundo inadunda. Mnafukuza mirusho yote, au mnajenga uwanja mwingine wa mirusho. Chembe za raba nazo zinahama na viatu na mvua, zinaingia kwenye mfereji uleule. Jua kali nalo linaipasha zulia hadi nyuzi 60 na zaidi. Na si kweli kwamba haitunzwi: inapigwa brashi kila wiki, chembe zinapimwa na kuongezwa kwenye nukta ya penalti na mbele ya goli, na siku ikichakaa inang'olewa yote.

Kama jiji lina eneo la pembeni, wekeni bandia huko kwa mazoezi ya kila siku, na uwanja mkuu ubaki wa asili. Huo ndio mgawanyo wenye faida.

---

TaaNaMilango:

Naongezea vilivyobaki, kwa ufupi pale panapostahili ufupi.

Mabafu na vyumba vya kubadilishia nguo. Kituo kilichofungwa miezi kina maji yaliyolala kwenye mabomba, na bakteria wa lejionela hupenda maji vuguvugu yaliyosimama. Wanaambukiza kwa matone madogo sana yanayovutwa na pumzi, si kwa kunywa. Ng'oeni vichwa vya bafu, vioshwe na kutolewa magamba, fungulieni kila bomba bila kurusha matone hadi maji yaliyolala yaishe, baridi na moto. Maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60, yafike kwenye tawi la mwisho si chini ya 50, na yachanganywe na baridi karibu na mtumiaji ili yasimuunguze. Baada ya kufungua, bafu lisilotumika lifunguliwe kila wiki. Saketi zote za maeneo ya maji ziwe na swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampia 30, ijaribiwe kwa kitufe chake.

Taa. Msinunue chochote kabla ya kupima. Kifaa cha kupima mwanga, gridi ya mita 10 kwa 10, usiku usio na mwezi. Kwa mazoezi lux 75 (lux ni kipimo cha mwanga) zinatosha, klabu 200, mashindano makubwa 500. Wastani peke yake unadanganya: gawanya kipimo cha chini kabisa kwa wastani. Kwa lux 75 uwiano uwe 0.5, kwa 200 uwe 0.6, kwa 500 uwe 0.7. Mara nyingi wastani unapungua kwa sababu ya vumbi na wadudu kwenye vioo, na uwiano kwa sababu ya taa moja iliyogeuzwa na upepo. Kusafisha na kuelekeza upya kunaweza kutosha. Kama taa zenu ni za gesi ya metali, jueni kuwa umeme ukikatika sekunde moja haziwaki tena hadi zipoe, dakika 10 hadi 20. Kwa hiyo majukwaa na milango yawe na taa za betri zinazowaka zenyewe, hata kama jenereta lipo.

Milango ya kutokea. Hesabu inayotumika sana: kwenye sakafu tambarare hupita watu 82 kwa kila mita ya upana kwa dakika, kwenye ngazi 66. Jukwaa litoke lote ndani ya dakika 8. Mlango wa mita 1.2 mwisho wa ngazi ni 1.2 × 66 × 8, watu 633. Kiwango cha njia nzima ni cha sehemu yake nyembamba kuliko zote, kwa hiyo kibanda cha tikiti kilichosogezwa langoni kinaweza kuwa kimekula nusu ya uwezo wenu. Milango ifunguke kwa nje, bila kufuli wakati wa mchezo, na mtu wa kusimama kwenye kila mlango.

Ukumbi. 44 kwa 22 ni kipimo kizuri: mpira wa mikono 40 kwa 20 unaingia ukiwa na mita 2 nyuma ya magoli na 1 pembeni. Kikapu kinaingia kimoja tu kwa urefu, 28 kwa 15 na mita 2 kuzunguka. Badminton wekeni kwa upana: viwanja 5 vya mita 6.10 kwenye urefu wa 44 vinaacha mita 2.25 kati ya kimoja na kingine. Kila mchezo rangi yake ya mistari, na nyeusi nzito ibaki kwa mchezo unaotumia ukumbi zaidi. Mbao zinahitaji unyevu wa hewa kati ya asilimia 40 na 60. Zikiinuka katikati kama mgongo, tafuteni maji chini au paa linalovuja, msizisawazishe kwa randa. Usafi ni kwa mopu iliyokamuliwa hadi karibu ikauke.

---

KatibuMichezo:

Tumepanga hivi: wiki ya kwanza vifuniko vya bwawa, nanga za magoli, milango, swichi za umeme na mabomba ya bafu. Wiki ya pili mfereji wa riadha na chemba zote. Bwawa linaendelea na kubadilishwa maji sambamba. Viraka vya tartani baada ya mfereji kupita jaribio la maji. Uwanja tunachora 100 kwa 64. Je, bwawa libebe watu wangapi kwa mara moja?

---

MlinziWaBwawa:

Kwa sehemu yenye kina zaidi ya mita 1.5, mita za mraba 4 kwa kila mtu. Kati ya mita 1 na 1.5, mita 2.7, chini ya mita 1, mita 2.2. Gawanyeni bwawa lenu kwa mistari hiyo ya kina mjumlishe. Lote lingekuwa la kina kirefu, 1,250 gawanya kwa 4 ni watu 312. Hicho ni kiwango cha nafasi. Kama machujio hayafiki zile mita za mraba 19, punguzeni kwa uwiano uleule.

Halafu waokoaji: kila mmoja apewe eneo analoweza kulitazama lote ndani ya sekunde 10 na kumfikia mtu yeyote ndani ya sekunde 20. Jaribuni kwa saa ya mkononi na mdoli aliyezamishwa chini, pande zote, jua likiwa asubuhi na likiwa jioni. Mng'ao wa jua juu ya maji unaficha sakafu, na kiti kilichokuwa sahihi asubuhi huenda kikawa kipofu saa kumi jioni. Kikiwa hivyo, hamisheni kiti.

---

RulaNaKamba:

Moja kuhusu chemba, kabla hamjaanza wiki ya pili: mkizifungua pimeni kina kutoka mfuniko hadi sakafu ya bomba kila moja, muandike kwenye ramani. Ikiwa chemba ya chini ina sakafu iliyo juu kuliko inayotangulia, bomba limeinama kinyume na mtaro hautapita jaribio hata ukizibuliwa mara mia. Hiyo sehemu ichimbwe kabla fundi wa tartani hajaitwa.